Piano Iliyosinzia Kwenye Hotuba

Siku mjukuu wangu alipoleta piano nyumbani kwetu Buyenzi, nilikaa kitako kuisikiliza. Nilikuwa nimejitayarisha hata kulia kidogo, maana mtoto huyu nimemlea mimi, na vidole vyake nimevikata kucha tangu havijashika hata kijiko. Akabonyeza. Tak, tak, tak. Sauti ya kucha juu ya meza, basi.

Nikamwambia, "We mutoto, wamekupa maiti."

Akacheka. "Apana, Bibi. Hii ni ya vidole tu. Sauti zenyewe ziko ndani ya ordinateri, hii kompyuta."

"Sasa piano njo ipi? Hii ama ile?"

"Zote mbili. Na katikati kuna programu, njo yenye kubeba sauti. Violoni, filimbi, kinanda cha kanisani, zote zinakaa mule. Mi nikibonyeza hapa, programu inaamsha sauti, sauti inatokea kwa bafle, ile spika kubwa. Sasa niko natafuta programu nzuri ya kupigia mbele ya watu."

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini harusi nimepikia miaka na miaka, kwa hiyo nilielewa kwa njia yangu. Sauti ni vyakula. Programu ni jiko. Piano ni mkono wa mpishi. Jiko likiwa bovu, mkono utafanya nini? Hapo hapakunishinda. Walionishinda ni wanaume. Sijapata kuona watu wazima wenye ndevu wakigombania kitu kisichoshikika. Kila mmoja alikuwa na programu yake, na kila mmoja alimwambia mjukuu wangu kuwa zile nyingine ni takataka.

Na yeye hakuwa na nafasi ya kukosea. Orkestra moja ya kupiga kwenye sherehe ilikuwa imempokea kwa kumjaribu. Mpiga piano wao wa kwanza, bwana mmoja wa Musaga, alikuwa amewaacha kwa kiburi chake, na mkuu wa orkestra alikuwa bado anamlilia kama mjane. Alimwambia mjukuu wangu usoni, "Dada, ni sherehe mbili. Ukipiga vizuri, kiti ni chako. Ukituaibisha, namrudisha yule wa Musaga." Mwanamke hakuwahi kukalia kiti kile. Mtoto wangu alikitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Tukaanza na bwana mmoja wa Kiriri, aliyesoma Ulaya. Nilimsindikiza, maana binti haendi peke yake nyumbani kwa mwanamume, hata kama mwanamume huyo ana studio. Kuta za studio alikuwa amezivika sponji, unadhani umeingia ndani ya godoro. Alitusemesha Kifaransa kwanza, kisha akatuteremkia kwenye Kiswahili polepole, kama mtu anayeshuka ngazi na sinia la glasi mkononi. Akafungua programu yake. Mama yangu! Madirisha juu ya madirisha, taa nyekundu, taa za kijani, vidude vya kuzungusha ambavyo nilivihesabu mpaka nikachoka.

"Hii njo ya wataalamu, Mama," akaniambia. "Hata muziki wa sinema unatengenezwa humu."

Kutoka hapo tukaenda kwa fundi mmoja wa Cibitoke, anayetengeneza simu, redio na chochote utakachomletea. Huyu alikuwa ameuma kifunguo cha ordinateri kwenye meno, kile kidogo cha kubebea mafaili, akawa anaongea nacho mdomoni.

"Mama, mi niko na programu zote. Muchague kama nyanya sokoni."

"Umezipata wapi?"

"Zilikuwa zimefungwa. Zikafunguliwa."

"Nani kazifungua?"

"Mutu mumoja wa Urusi."

"Unamujua?"

"Apana, Mama. Nani anamujua?"

Nikamuuliza kama nyumbani kwake pia anaingiza vitu vilivyovunjwa kufuli na mtu asiyemjua. Akacheka, akatunakilia hivyo hivyo.

Ya tatu mjukuu wangu aliitafuta mwenyewe. Alinionyesha akiwa na haya. Ukurasa mweupe, majina ya nyimbo kwa herufi kubwa, moja chini ya nyingine, basi. Ukikanyaga pedali, unahamia wimbo unaofuata, na sauti uliyokuwa umeishika haikatwi, inamalizikia yenyewe taratibu.

"Bibi, hii imetengenezwa kwa ajili ya jukwaa."

"Inafanya nini kingine?"

"Hakuna."

"Hairekodi?"

"Hairekodi."

"Basi ni ya watoto," nikamwambia.

Na hapa niseme ukweli, kwa sababu waliokuwepo bado wako hai. Ile ya Kiriri ilichaguliwa na mimi. Yeye alikuwa anaelekea kwenye ile ndogo. Mimi nilichagua programu kama ninavyochagua sufuria ya harusi: kubwa kuliko zote, halafu utaona. Aibu hiyo ni yangu, sitamtupia mtu.

Kitu kimoja cha akili nilichofanya wiki ile ni kuikataa ya Cibitoke. Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, na wanawake wengine tangu utotoni, wawili kwenye kinu kimoja, mchi wako unapanda wa mwenzako unashuka. Ukichelewa kidogo, michi inagongana. Sasa ile programu ya kuvunjwa kufuli, kidole kilikuwa kinatua, halafu ndipo sauti inakuja nyuma inakimbia. Nikamwambia mjukuu wangu, "Huyu angekuwa mwenzangu kwenye kinu, leo ningekuwa na vidole saba." Ile ya Kiriri, ikishapanga sauti zake, ilikuwa inalia papo hapo. Akafanya nayo mazoezi siku tano, asubuhi na alasiri, bila kupumzika. Haikukosea hata mara moja.

Bila kupumzika. Mushike hapo.

Sherehe ya kwanza ilikuwa ya kuposa, ambayo hapa kwetu tunaiita gusaba, nyumbani kwa watu fulani Musaga. Walikuwa wameniita kupika pilau, kwa hiyo nilikuwa nyuma, lakini mlango ulikuwa wazi nikaona yote. Asiyeijua gusaba asidhani mtu anasimama tu na kusema tumekuja kuposa. Akisema hivyo atachekwa. Msemaji wa upande wa kijana ni mzee, amevaa vizuri, na anaanza mbali. Huyu wa siku ile alianza na mvua. Akapita kwa babu zake mmoja mmoja. Akasema walipoteza ndama jike, wakafuata nyayo zake, nyayo zikawaleta mpaka kwenye ua huu. Mzee wa upande wa binti akasimama, akasema hapa hatujaona ndama, labda ni macho ya wageni yamechoka na safari. Watu wakacheka. Yule akajibu. Huyu akamrudishia. Mara tatu walisema "kwa kumalizia," na hakuna aliyemaliza.

Wakati huo wote orkestra inakaa imenyamaza, mikono magotini. Hawaruhusiwi hata kugusa. Lakini mzee wa binti akisema tu "mumepewa," muziki unatakiwa upasuke saa hiyo hiyo, pamoja na vigelegele. Ukichelewa, furaha imeshamwagika.

Mzee akasema, "Mumepewa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mjukuu wangu akanyanyua mikono, akashusha vidole vyote kumi.

Tak.

Akarudia. Tak, tak. Mpiga ngoma akabaki peke yake anagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Vigelegele vikazimika kimoja baada ya kingine. Shangazi mmoja wa binti, mwenye kilemba kirefu kama ngazi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ee, piano imekataa ndoa?"

Na yule mzee wa mvua, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Muiache. Nayo inangojea ng'ombe wake."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mkuu wa orkestra alicheka kwa meno tu. Walipokuwa wanakunja nyaya, alisimama karibu na mjukuu wangu, akampigia simu yule bwana wa Musaga kwa sauti ya juu, amwulize kama Jumamosi inayofuata ana nafasi. Kisha akamwambia mtoto wangu, "Imebaki moja."

Kesho yake mjukuu wangu akampigia bwana wa Kiriri. Nilimsikia bwana huyo anamweleza bila wasiwasi wowote kwamba ndiyo, programu ile ina tabia hiyo: sauti ikikaa muda mrefu bila kupigwa inalazwa, ordinateri isichoke, na kuiamsha kunachukua muda. Nikaomba simu.

"Bwana, ulikuwa unajua?"

"Mama, kwa studio haina shida. Nani anakaa saa nzima mbele ya piano bila kupiga?"

"Warundi," nikamwambia. "Siku ya kuposa. Na wewe ulipoposa, mzee wako aliongea dakika ngapi?"

Akakohoa. Akasema ana mgeni mlangoni, akakata simu.

Mjukuu wangu alisema pengine kuna mahali pa kuizima ile tabia. Akatafuta ndani ya yale madirisha mpaka alasiri, akatoka na kichwa kinamwuma. Nikamwambia aache. Mpishi anayetafuta jiko lake liko wapi ameshachelewa kupika. Leta zote tatu, tuzikalishe. Kwanza aliizuia ordinateri yenyewe isisinzie. Kisha akawa anafungua programu moja, anapanga sauti, na anaiacha muda wa hotuba nzima bila kuigusa. Mwishoni anapiga mara moja.

Ya Kiriri ililala kama mara ya kwanza. Tukaifunga.

Ya Cibitoke, hata katikati haikufika. Karatasi ilijitokeza kwenye kioo inadai namba ya siri, na sauti zote zikakatika. Nilimwambia ampigie yule mtu wa Urusi.

Ilipofika zamu ya ile ndogo, niliona kukaa kimya ni kujidanganya. Kwenye gusaba hakuna kimya, kuna wazee. Nikajifunga kanga begani, nikasimama mbele ya ordinateri, nikaposa. Nilianza na mvua. Nikasema babu zangu walipita hapa wanatafuta ndama. Nikasema "kwa kumalizia" nikaendelea. Jirani zangu wawili wakasikia, wakaingia, mmoja akakaa upande wa binti akaanza kunijibu.

"Hapa hatuna ndama, Bibi. Tuna piano, na ni bubu."

"Hata bubu tunaoa, mradi anajua kupika!"

Tuliendelea hivyo mpaka sauti ikanikauka na uji wa mtu ukaungua mtaani, tukausikia harufu. Jirani akapiga makofi, akasema, "Haya, mumepewa!"

Mjukuu wangu akashusha mikono. Violoni zikatoka zote kwa pamoja, hata sekunde haikupita, na chumba changu kidogo kikajaa mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Ile niliyoiita ya watoto. Nilikwenda kuvishika vikombe visianguke.

Sherehe ya pili ilikuwa Kiriri, kwenye bustani ya watu wenye uwezo. Nami nilikuwa jikoni. Mkuu wa orkestra aliinama kutazama kioo cha ordinateri, akaona ule ukurasa mweupe, akakunja uso.

"Njo hii? Iko kama orodha ya vitu vya kununua dukani."

"Njo hii," mjukuu wangu akamjibu.

Yule bwana wa Musaga alikuwa amekuja kweli. Alikaa kwenye viti vya wageni, viatu vyeupe, Fanta mkononi, miguu ameinyoosha kama mtu anayengoja basi lake analolijua saa. Hakualikwa na familia yoyote. Alikuja kumwona mtoto wangu akianguka, kisha akalie kiti kikiwa bado cha moto.

Wazee wakaanza. Walikuwa wazuri, nakiri, na walikuwa warefu. Walipokaribia mwisho, mjomba mmoja ambaye hakuwemo kwenye ratiba akaomba neno moja. Neno lake lilipita kwenye vita vya nyuki, likapita kwenye shule aliyosoma, likamsifu mwalimu wake wa hesabu. Mimi nilitoka na mwiko mkononi, nikasimama mlangoni. Nilimwona mjukuu wangu amekaa wima, mikono magotini, hatazami kioo, anamtazama mzee mdomoni.

"Mumepewa."

Vigelegele na violoni vilitoka pamoja. Sikuweza kujua kipi kilitangulia. Akakanyaga pedali, kinanda kikapanda juu yake taratibu, violoni hazikukatika, watu wakasimama. Bwana wa viatu vyeupe aliweka Fanta chini, akaanza kutafuta simu yake mifukoni, na simu ilikuwa mezani.

Wakati wa kula, mkuu wa orkestra alinijia na sahani.

"Mama, mi nilijua tangu siku ya kwanza. Huyu mutoto ana kipaji."

"Ulijua? Na yule wa Musaga ulimwita aje kula pilau yangu?"

Akaomba nyama kidogo. Nikampa mfupa.

Jumatatu yake alimtuma mtu alete koti jeusi la orkestra, la mwenye kile kiti, lile alilokuwa anavaa yule bwana wa Musaga. Mjukuu wangu alilivaa, likamwishia magotini, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja mbele ya kioo cha kabati. Nikamvua, nikachukua wembe, nikafumua mabega yote mawili nikashona upya. Aliyelishona mwanzo, sijui alikuwa anamshonea mtu au kabati.