Uamsho Ulipofika Kanisa Letu la Mbao

Sisi tuliokulia mtaa wa Murara miaka ile ya vita, tukikutana leo hatukawii kukumbushana. Kanisa letu lilikuwa la mbao, paa la shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, chini mawe ya volkano yaliyotuchubua magoti. Kinanda hatukuwa nacho. Tulikuwa na ngoma moja na sauti za mama zetu waliotoka milima ya Masisi, walioimba kama wanaita ng'ombe warudi kutoka kilima cha pili. Ibada ikiisha tulikimbilia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukateremka nayo mpaka mtu ang'oke jino. Watoto wa leo wakianguka kwenye kiti cha sebuleni wanapelekwa kwa daktari. Nyumbani tulikuta maharagi na viazi vya Kibumba, na Papa akisema kabla hatujagusa sahani, "Mwenye hajaomba, asikule."

Nilikuwa na miaka tisa. Rafiki niliyemtaka kuliko wote alikuwa Neema, aliyejua kuruka kamba kwa mguu mmoja huku anaimba. Lakini Mama alinikataza kucheza naye. Sisi na familia yake tulitoka kilima kimoja, na vita vilipotugawa, watu wa upande wao ndio walioichoma nyumba yetu na kuswaga ng'ombe wa Papa. Mama Neema mwenyewe hakuchoma kitu. Naye alikimbia na mtoto mgongoni, akaja kupanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jumapili alikaa benchi za kushoto, Mama akakaa za kulia. Walimwimbia Mungu mmoja bila kusalimiana.

Mwaka ule mchungaji wetu, muzee mpole aliyekuja kwa miguu kutoka Birere, alitangaza wiki ya kutafuta uamsho. Watu wakafunga, wakalia, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Jumapili ya mwisho mchungaji akasema amesikia wakubwa vya kutosha, sasa anataka kusikia watoto. Akatuuliza mmoja mmoja tumeomba nini wiki nzima. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nimeomba Mama anikubalie nicheze na Neema."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akainuka, nami nikajua nitachapwa mbele ya kanisa zima. Lakini alinipita, akavuka mpaka upande wa kushoto, akasimama mbele ya Mama Neema.

"Ile siku ulikuja kuomba mayi ya kunywesha mutoto mugonjwa, nilikuambia haiko," akasema. "Ilikuwako. Bidoni ilikuwa imejaa nyuma ya mulango. Na nilikuwa natoka kuomba Mungu."

"Nilijua iko," Mama Neema akamjibu. "Niliiona." Akachukua watoto wake, akatoka.

Mama alishinda akilia. Shangazi yangu alikuja kumwambia kwamba amewaaibisha marehemu wetu waliokufa vitani. Papa alikaa akichonga mpini wa jembe ambao haukuwa na haja ya kuchongwa.

Jumanne asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Neema, na bidoni tupu, lile dumu la maji, mkononi. "Mayi iko?" akauliza.

Mama akaijaza, akaibeba mwenyewe mgongoni mpaka kwake. Siku ile mimi na Neema tuliruka kamba mpaka miguu ikakataa. Wiki zilizofuata watu wengine nao wakaanza kutafutana, mmoja mmoja, kwa aibu. Si wote. Shangazi alihama kanisa. Lakini baada ya miezi michache hukuweza tena kujua nani anakaa upande gani.

Siku hizi kanisa ni la matofali, na spika zake zinasikika mpaka barabarani. Vijana wetu wanaimba huku wakijirekodi kwa simu, jicho moja kwa Bwana, jingine kwenye nywele zao. Siwalaumu, wanaimba vizuri kutushinda. Vita vimerudi, wakimbizi wamejaa tena njia ya Kibumba, na kila mara bango jipya linatangaza uamsho.

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini siinui mikono kama wengine. Nikamwonyesha mama mmoja mgeni, amekaa peke yake karibu na dirisha. Nikamwambia kwamba ndugu zake nawajua, na walilotutenda nalijua.

"Sasa si uende umusalimie?" akasema.

Mama yangu wiki moja ya uamsho ilimtosha kuvuka. Mimi hii ni Jumapili ya nne namtazama kutoka benchi langu.