Asanseri imemukatalia mwanangu

Leo asanseri imemukatalia mutoto wangu, na kufuli yake kaiweka yeye mwenyewe!
Chekeni. Mi nilitaka kulia.

Hamza wangu alikuwa anaweka kisanduku cha kusoma karte, zile kadi za kufungulia, mu asanseri, ile lifti ya jengo moja pale Rohero, katikati ya muji. Juu ya usalama, na hii vita. Bila karte, haipandi.

Nilimupelekea ugali, nikamukuta chini anamuonyesha patron, mwenye jengo, namna inavyofunga. Patron akafurahi, akachukua karte zote, akaondoka mbio.

Ndipo Hamza akashika kichwa.
"Mama! Mufuko wa vyombo vya kazi nimeuacha juu!"

Vyombo vya marehemu baba yake, jamani. Ndivyo vinatulisha.

Akabonyeza. Taa nyekundu. Ngazi nazo zimefungwa.

Mulinzi wa mulangoni akamucheka: "We si fundi? Ifungue!"
"Nimeifunga vizuri, kaka. Haifunguki."

Nikamuuliza mulinzi patron ameenda wapi.
"Anapanda ndege na familia. Karte atazigawa akirudi."
"Atarudi lini?"
"Vita ikiisha, mama."

Tumerudi kwetu Buyenzi mikono mitupu. Ugali umepoa, hakuna aliyeugusa.
Nimemuambia, mwanangu, kazi umeifanya muzuri.


Nyinyi mungemuambia nini?