Nani Atamchimbia Kaburi

Nikipita sokoni Kalangalala nikasikia harufu ya michembe ikichemka na karanga, miguu husimama yenyewe. Harufu hiyo hunirudisha Didia, uani kwa bibi, jioni moja tukikata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Kesho yake nilitakiwa nisimame darasani nieleze dhamira ya riwaya moja ya zamani ya Kiingereza, nami nilikuwa nimekariri tu maneno ya mwalimu. Bibi, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha salamu, akasema, "Hebu nisimulie."

Nikamsimulia habari za tajiri mwenye jumba la vyumba vingi, asiyemfungulia mtu geti.

Kisu cha bibi kikasimama. "Misibani kwa wenzake alikuwa anaenda?"

"Hapana, bibi."

"Basi siku akifa, nani atamchimbia kaburi?"

Kwetu mtu asiyezika wenzake, akifiwa huachiwa jembe achimbe mwenyewe. Asubuhi nikayasema hayo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Sasa ninafundisha riwaya zilezile, na swali langu la kwanza bado ni lile la bibi. Siku tulipomzika bibi, waliokuja kuchimba walikuwa wengi kuliko majembe.