Jina Asilolitaja Sarbati

Sarbati anauza mashada ya maua chini ya nguzo za kituo chetu cha metro, hapa Lakshmi Nagar, tangu nguzo zenyewe hazijasimama. Ana mdomo huyo! Wanafunzi, polisi, wenye riksho, wote wanachambwa bila kubaguliwa, nami Kusum, mlinzi wa mlango wa juu, kila asubuhi naambiwa nimenenepa. Mumewe tu ndiye hamtaji. Kwetu wanawake wa rika lake hawawaiti waume zao kwa jina. Akimtaka husema, "Unanisikia?" na mzee anakuja.

Juzi alikuwa anampeleka hospitali kuangaliwa. Jicho moja limetoka kupasuliwa, lina bandeji, na la pili halioni siku nyingi. Treni ilipofika watu wakasukumana, mzee akajikuta ndani, milango ikajifunga, Sarbati kabaki nje. Nilipomfikia, mdomo wote ule ulikuwa umekwisha.

"Kusum, mwanangu, haoni yule," akasema. "Ataanguka relini."

Nikamwuliza jina la mzee ili niwapigie walinzi wa kituo cha mbele. Akatikisa kichwa. Nilikasirika, sifichi. Treni imekwenda na mtu, yeye ananiletea aibu za bibi harusi! Mwishowe akanong'ona kwamba ni ile siku inayofuata Jumatatu. Mangal, yaani Jumanne kwa lugha yetu. Nikapiga simu.

Walimkuta ameshuka peke yake, anapapasa na fimbo karibu na ukingo wa jukwaa. Lakini walipomwita Mzee Mangal, wakamwambia mkewe ndiye kawatuma, akaanza kuwainulia fimbo.

"Wezi nyie! Mke wangu hajanitaja jina tangu nimuoe!"

Kila wakimsogelea, naye anarudi nyuma, kulekule kwenye reli. Hayo yote mlinzi wa kule alikuwa ananisimulia simuni. Nikamwambia mlinzi aweke simu yake kwenye kipaza sauti cha kituo, yangu nikampa Sarbati. Akavuta ushungi mpaka puani, kisha akasema:

"Unanisikia?"

Niliambiwa baadaye kwamba wanaume kibao waligeuka pale jukwaani, kila mmoja akijua ameitwa yeye. Fimbo ya mzee ikashuka.

"Nasikia," tukamsikia simuni. "Lini sikukusikia? Njoo unichukue."

Nikakaa sakafuni, nacheka huku nalia. Sarbati akanirudishia simu, akajifuta macho kwa pindo la sari, akaniambia niinuke nimpishe, maana kwa unene huu nimeziba njia nzima.