Mkanda wa Baba Juu ya Mpunga

Nianze na ujinga wenyewe, maana mtaani kwetu Tabora umeshanitangulia kila ninakoingia: mimi ndiye niliyetoa mkanda wa kompyuta ya baba kwenye sanduku la mama, nikaenda kufukuzia ndege.

Ilikuwa zamu ya kidato chetu kuamia mpunga wa shule. Shamba liko bondeni, upande ule ambako wapagazi wa zamani walikuwa wakishuka kuelekea pwani na pembe mabegani. Tuliambiwa kilimo ni cha kufa na kupona. Sawa, lakini kwa jinsi mambo yalivyokuwa, sisi ndio tuliokuwa tukifa na kwelea ndio waliokuwa wakipona. Jua halijachomoza, umesimama juu ya kichuguu unapiga debe, na ndege wanakuja kama moshi wa tanuri la tumbaku. Ukifukuza huku, wanatua kule. Mimi napenda usingizi, nikasema hapana, lazima kuna njia ya kisomi.

Njia ya kisomi niliijua ilikolala.

Baba anafanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi moja ya umma yenye kompyuta. Mashine hiyo imejaza chumba kizima, na inapulizwa upepo baridi mchana kutwa kuliko mkubwa yeyote wa ofisi ile. Inapanga mishahara ya watu wote wa pale. Basi wenye kuitengeneza, huko Ulaya, walisema aina hiyo imezeeka. Hawatatuma tena fundi wala vipuri, na programu yake hawataigusa tena. Tununue mpya. Serikali nayo ilikuwa imekataza kompyuta mpya zisiingie nchini. Fundi wao wa mwisho akapanda ndege, akamwachia baba bisibisi na pole.

Tangu hapo baba hakupata likizo ya maana. Amwachie nani? Mama alikuwa akiiita mashine ile mke mwenzake. "Mwenzangu anapepewa," husema akiinamia jiko, "mimi napuliza kuni."

Kitu kilichokuwa kikimwogopesha baba ni ile programu kuu, ile inayoamka kwanza asubuhi na kuziambia programu nyingine cha kufanya. Hiyo imeandikwa kwenye mkanda wa sumaku, mwembamba, wa rangi ya kahawia, umezungushwa kwenye gurudumu la plastiki pana kama sinia dogo. Zamani ukiharibika, Ulaya walikuwa wakituma mwingine. Sasa ukiharibika, umekwisha. Na hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, inaila mikanda polepole. Kwa hiyo safari yake ya mwisho nyumbani baba alikuja na nakala ya pili, akamkabidhi mama.

"Hewa ya hapa ni kavu," alisema. "Hapa utaishi."

"Mkanda utaishi," mama akamjibu. "Sisi wengine je?"

Baba akacheka. Mama akaufunika kwa nguo zake za harusi, akafunga sanduku, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Kwetu kitu alichokiacha msafiri hakifunguliwi mpaka arudi mwenyewe. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba nyanya yake alikaa na kibuyu cha mumewe mpagazi, kimefungwa vilevile, mpaka kamba ikaozea juu yake.

Nilijua yote hayo. Mama alipoingia kuoga nikafungua pindo.

Niliufungua mkanda kutoka mwisho wa nje, nikauvuta kutoka mti hadi mti, safu kwa safu juu ya mpunga. Upepo ulipokuja, lo! Ukaanza kuvuma, vuuu, na kumetameta juani. Kwelea wakaja, wakageuka hewani wote kwa pamoja kama waliopigwa kofi. Mimi nikalala. Mwalimu wa siasa na kilimo alinikuta chini ya kichaka nakoroma na shamba halina ndege hata mmoja. Gwarideni akanisimamisha mbele ya shule nzima. "Huu ndio ubunifu wa kujitegemea!" Nikapigiwa makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, uongo mtupu.

Furaha iliisha siku ya treni. Gadi wa treni ni rafiki wa baba, ndiye anayetuletea salamu na vifurushi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, hodi! Mzee anakuja kwa treni ijayo."

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini polepole. "Anakuja kweli, au anakuja kama mwaka jana?"

"Kweli. Ule mkanda wa Dar umeanza kubanduka. Mashine inakwenda kwa sababu siku hizi hawaizimi, hata usiku. Umeme ukikatika, haiamki tena. Anafuata ule wa kwako, na hataki kumtuma mtu."

Uso wa mama! Sijui nisemeje. Alikwenda kujitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea, kilichokuwa hakijatazamwa na mtu siku nyingi. Na mimi nikakimbilia bondeni.

Niliukusanya nikiulilia. Ulikuwa na vumbi, na mavi ya ndege, mahali pengine umejikunja. Nikauviringa ovyo nikaurudisha kwa mama mkononi, maana kuurudisha sandukuni kimyakimya nilishindwa. Nilitegemea kofi. Mama akauangalia, akakaa kitako.

"Atasema nimeshindwa kumtunzia," akasema. Basi. Afadhali kofi.

Baba alishuka amekonda, shati limemlegea shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikamweleza pale pale stesheni kabla sijapoteza ujasiri. Hakuitikia. Tulitembea mpaka nyumbani. Akauchukua mkanda, akautazama juani muda mrefu.

"Ulianzia mwisho wa nje?"

"Ndiyo."

"Basi umeanzia mkiani. Siku zote nauhifadhi mkia ukiwa nje, mwanzo ndani, ili ukipata dhara upate kwanza huku." Akaugeuza upande wa pili. "Lakini maandishi yanaishia wapi, jicho halioni. Labda umegusa sehemu tupu. Labda umegusa yenyewe."

"Na kama nimegusa yenyewe?"

"Basi umeme ukikatika, wenzangu watakosa mishahara, na mimi nitaulizwa mkanda ulikuwa wapi." Kisha akauliza, "Ndege walikimbia?"

"Walikimbia wote, baba."

"Hata wenye kuutengeneza hawakujua unaweza kazi hiyo." Akaitikia shikamoo yangu hapo, imechelewa kama treni.

Treni ya kurudi ilikuwa keshokutwa. Kwa hiyo tulikuwa naye. Aliipindua baiskeli uani, akafunga gurudumu la mkanda kwenye tairi la nyuma, mimi nikazungusha pedali taratibu. Mama alikaa katikati, ameushika mkanda ndani ya kitambaa chenye spiriti, ukipita vidoleni mwake hatua kwa hatua. Kitambaa kilikuwa kanga yake kuukuu, iliyofuliwa mpaka maandishi yamefutika. Baba alisema mpya ingeacha nyuzi.

"Usibane," baba anamwambia.

"Sibani."

"Unabana."

"Miaka mingapi sijabana kitu chako, leo niache?"

Nikajifanya naangalia mnyororo. Wakacheka wote wawili, na mkanda ukalegea, ikabidi nirudishe nyuma. Kusema kweli nilikuwa nazungusha polepole kuliko nilivyoagizwa. Nadhani baba aliona.

Jioni alikula kisamvu cha mama mpaka akalegeza mkanda, ule wa suruali. Akatuuliza habari za majirani kama mtu anayetaka kubaki nazo. Asubuhi ya treni alikuwa amevaa kabla hatujaamka, mfuko wenye mkanda kifuani kama mtoto. Mama hakwenda stesheni. Alisimama mlangoni hadi filimbi iliposikika, kisha akaendelea kusimama.

Siku zilizofuata mama hakunisema. Kila ikija treni, ananituma kumwuliza gadi, na gadi anatikisa kichwa: umeme haujakatika, hakuna aliyethubutu kuzima. Nilianza kumwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana. Nilitaka iamke, baba asiaibike. Na nilitaka isiamke, wamfukuze, aje akae.

Kisha siku moja gadi akanipigia kelele tokea dirishani treni haijasimama: "Ulikatika! Wakaiwasha kwa ule wenu! Imeamka! Tena mzee kanipa nakala nyingine, mwambie mama aitunze!"

Nilikimbia na kifurushi hadi nyumbani. Nikamweleza mama yote, na nakala nikampa. Akasema alhamdulillahi. Akaipanga chini ya nguo za harusi, akashusha kifuniko, akashika ufunguo akiutazama. Mpunga wa shule ulikuwa umeshavunwa, bonde liko kimya.

"Mwakani kwelea wakirudi," mama akasema, "sanduku sifungi. Mkanda ukichafuka tena, atakuja mwenyewe kuusafisha."