Waya wa Kichochoroni

Mamangu alikuwa akianika kanga zake juu ya waya wangu wa intaneti, na kwa muda mrefu sikuwa na hoja ya kumkataza. Waya ulitoka dirisha la ukumbini, ukakatiza uani, ukaingia chumba cha nyuma ninamofanyia kazi. Ili usining'inie, niliufunga na kamba ya nguo kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nilikusudia ukae hivyo siku mbili tatu, mpaka nipate njia iliyo bora. Mwaka ukapita, na wa pili ukaanza, na mamangu akawa hatofautishi tena kamba na waya.

"Kamba ni kamba," alisema nilipomweleza.

Kanga zikiwa nyepesi, intaneti ilikuwa nzuri. Siku ya kufua mashuka, wanafunzi wangu waliganda.

Nafundisha Kiswahili watu walioko ng'ambo, kwa kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule huko Changamwe, na nilirudi Mishomoroni kukaa na mamangu baada ya babangu kufariki. Nyumba yetu ni ya mawe, na babangu aliijenga kwa kuta nene kama mtu anayetarajia kushambuliwa. Kisanduku cha intaneti kiko ukumbini mbele. Waifai ikitoka pale, inafika mlangoni mwa chumba cha nyuma imekwisha nguvu. Ndiyo maana ya waya.

Siku moja nilikuwa na mwanafunzi mzee, mtu mstaarabu sana, anayejifunza ili azungumze na wakwe wa mwanawe. Alikuwa akinieleza kwa taabu habari za mgonjwa mmoja wa kwao. Akafika kwenye neno "daktari amesema," kisha akaganda, kinywa wazi. Nilichungulia dirishani. Mamangu alikuwa anatandaza shuka la pili. Niliporudi kwenye kioo, yule mzee alikuwa ameshamaliza habari zote na anafuta macho, na mimi sikujua nimpe pole au hongera. Nikampa pole. Akasema asante. Mpaka leo sijui kama ndiyo ilikuwa stahili yake.

Asubuhi ya pili nikamwita fundi wa nyaya niliyemjua tangu Changamwe, mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi lakini ulimi wake haukuhamia. Alisimama uani akautazama ule waya mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu, hii si waya imefungwa kwa kamba," alisema. "Hii ni kamba ya nguo iko na intaneti."

Akaingia ukumbini, akakuta nyuma ya kabati nyaya nyingine ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuziona: waya wa simu ya mezani iliyokatwa zamani, waya wa kengele isiyolia, na waya mweusi wa antena ya televisheni, ambayo upepo uliiangusha na babangu akasema ataipandisha. Zote zilikuwa zimesukana pamoja. Fundi akasema tung'oe zote, tubakishe moja, na hiyo moja tuipitishe nje. Tutoboe ukuta wa ukumbini ubavuni, waya utoke, ulambe ukuta moja kwa moja hadi nyuma, uingie chumbani kwangu.

"Huko nje kuko na nini?" akauliza.

Nikamuuliza mamangu, aliyekuwa amekaa mkekani anachagua mchele.

"Kichochoro," alisema.

"Hakijajengwa kitu?"

"Kichochoro ni kichochoro."

Nilikijua kichochoro hicho. Nilipokuwa mdogo nilipita humo kwenda dukani, kati ya nyumba yetu na ya jirani. Niliporudi nilikuta mbele yake pamejengwa ukuta wenye mlango wa chuma, nikadhani kimefungwa kwa ajili ya wezi, kama watu wengi walivyofunga vichochoro vyao. Kweli, wakati mwingine harufu ya vitunguu ilipenya ukutani. Nilimuuliza mamangu mara moja, akasema siku hizi watu wanapika kila mahali. Nilijua pia kwamba yeye na jirani hawasemezani, na kwamba ni mambo ya mpaka. Zaidi ya hapo sikuuliza. Kwetu ukiuliza habari za jirani unatumwa sokoni.

Fundi akaanza kutoboa. Vumbi jeupe likajaa ukumbini, mamangu akafunika mchele wake kwa ungo na kuendelea kukaa. Ukuta ulikataa kwa muda, halafu ghafla ukakubali, na mashine ikazama hadi shingoni. Fundi akaizima. Upande wa pili tukasikia kitu kikubwa kinaanguka, kisha sauti ya mwanamke, wala si ya hasira.

"Nani huyo?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Mwalimu," akaninong'oneza, "kichochoro inaongea."

Nikainama kwenye tundu. "Ni mimi, khalti. Shikamoo." Ndivyo nilivyomwita jirani yetu tangu utoto.

"Marahaba. Ni wewe uliyerudi?"

"Ni mimi."

"Umenitilia plasta kwenye mchuzi."

Nikageuka. "Mama, kuna mtu huko. Anapika."

"Basi yuwapika kichochoroni," alisema mamangu, akafunua mchele.

Nilizunguka kwenda kuomba radhi. Mlango wa chuma haukuwa wa kuzuia wezi. Ulifungukia jiko zuri kuliko letu: rafu za saruji, mabati yaliyotiwa dari, jiko la gesi na la makaa, masufuria yamepangwa kwa ukubwa. Juu ya gesi kulikuwa na mchuzi wa samaki wa nazi, na katikati yake kipande cha plasta upana wa sahani, kimetulia kama kilichokusudiwa. Jirani alikuwa amesimama na mwiko mkononi anakitazama. Tangu mumewe afariki na binti yake aende kufanya kazi Uarabuni, alikuwa akiishi peke yake, na ule mchuzi ulikuwa wa mchana na jioni.

Nikasema nitampikia mwingine. Akasema hapana, samaki watakoshwa. Kisha akanieleza mambo ambayo nilipaswa kuyajua zamani. Mumewe alimwomba babangu kile kichochoro, kwa kuwa hawakuwa na jiko, na babangu akakubali kwa kupeana mikono pale pale njiani. Mamangu wakati huo alikuwa Likoni kwenye matanga ya jamaa yake. Aliporudi alikuta ukuta umesimama na mabati yamepigwa, na hakuna aliyemuuliza.

"Mamako hakukosea kukasirika," alisema. "Alikosea kutopumzika."

Nikamweleza habari ya waya. Akasikiliza akiokota vipande vidogo kwenye mchuzi kwa kijiko.

"Waya upite," akasema. "Lakini mamako aje aniombe mwenyewe. Na apaite jikoni."

"Apaite vipi?"

"Jikoni. Yeye yuwajua. Miaka yote awambia watu kwamba mimi napika ndiani, penye njia ya watu."

Nilirudi nikamfikishia mamangu ujumbe ule. Alisema hawezi kukiita kitu jina lisilo lake. Nikamwambia kwamba mahali watu wanapopikia huitwa jiko, na hilo ndilo neno, nalifundisha kila mwezi. Akasema hayo nikawafundishe wanafunzi wangu. Fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kreti ya vifaa vyake akisubiri amri, akashauri tupitishe waya juu ya paa. Mamangu akasema akitoboa bati lake ataondoka na bati hilo mgongoni. Fundi akalifunga tundu kwa kitambaa, akaniambia nimpigie simu familia ikishaelewana.

Siku zilizofuata nilifundisha nikiwa ukumbini, karibu na kile kisanduku, na mamangu mkekani. Wanafunzi wakawa wanamsikia akichambua mboga, na mmoja akaniuliza kama nimehamia mgahawani. Kile kitambaa hakikukaa tunduni. Kila asubuhi nilikikuta kimedondoka sakafuni, nikakirudisha, na jioni kikawa kimedondoka tena. Kupitia pale tulisikia redio ya jirani, maji yakimiminwa, na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu anayekohoa peke yake na hana wa kumwambia "pole".

Alasiri moja kilizidi. Mamangu aliacha mboga. Akatulia, akakisikiliza, kisha akasema akiutazama ukuta:

"Umekunywa tangawizi?"

Upande wa pili redio ikapunguzwa sauti.

"Imekwisha," jirani akajibu.

Mamangu akainuka. Alichukua tangawizi kwenye kapu letu, akavaa buibui lake kana kwamba anakwenda mjini, akatoka. Nikamfuata, kwa sababu sikumwamini. Alisimama mbele ya mlango wa chuma, akalishika vizuri buibui lake.

"Hodi."

"Karibu. Pita jikoni."

Alipita. Alisimama katikati, akainua macho akaangalia dari, akashusha akaangalia rafu, akapitisha mkono ukutani pale plasta ilipoanguka.

"Plasta hii nani alipiga?"

"Marehemu mume wangu."

"Haikunyooka."

"Najua," alisema jirani. "Hakuwa fundi. Alipenda tu kupiga."

"Na marehemu wangu alikuwa vivyo hivyo," alisema mamangu.

Akaomba kinu, akaanza kutwanga tangawizi yeye mwenyewe, na jirani akabandika maji. Mimi nilisimama mlangoni bila kazi, nikiogopa kwamba nikiondoka watakumbuka kuwa hawasemezani. Maji yalipochemka, mamangu alisema bila kuinua uso:

"Mwanangu ana waya wake. Yuwataka upite hapa."

"Hapa wapi?"

Mamangu alitwanga. Alitwanga hadi tangawizi ikawa haina tena cha kutwangwa.

"Hapa upikapo," akasema.

Jirani akalifikiria lile jibu, mwiko mkononi.

"Yatosha," akasema.

Fundi alirudi, safari hii akapiga hodi kwenye ukuta kabla ya kugusa mashine. Alipigilia mfereji mwembamba wa plastiki juu kabisa, mbali na moto, kutoka lile tundu hadi nyuma, akapitisha waya mpya ndani yake. Kisha akazing'oa nyaya za zamani. Za simu na kengele mamangu alizitazama zikitoka tu. Ule mweusi wa antena aliuomba. Tulipouvuta tukaona babangu alikuwa ameuunga sehemu tatu kwa plasta ya vidonda, ile ya duka la dawa, na kila kiungo kilikuwa kimefungwa kwa uangalifu mkubwa. Mamangu aliukunja taratibu, akaenda nao chumbani kwake akafunga mlango. Fundi akaniuliza kwa macho kama aendelee. Nikamwambia angojee. Tukangoja.

Kabla hajaondoka nilimwomba aweke kisanduku kidogo cha waifai upande wa jirani. Sasa binti yake akipiga simu kutoka Uarabuni huonekana uso mzima, wala si vipande vipande. Mara ya kwanza alipomwona mamangu amekaa nyuma ya mamake alimwamkia, kisha akauliza kama kuna msiba. Mamangu akamwambia hakuna, alhamdulillahi, ni tangawizi tu.

Alasiri nyingi mamangu hayuko nyumbani. Nikimtaka, nazungumza na tundu, ambalo fundi alitaka kuliziba kwa saruji pembeni mwa waya lakini mamangu na jirani wakamwambia aliache. Jirani alikuwa na kiti kimoja tu kule, kwa hivyo nilichukua kimoja chetu cha ukumbini nikakipeleka.