Funguo za Mgahawa wa Pili

Mimi sikusoma. Niliachia darasa la nne, nikaanza kupikia madereva wa malori kando ya barabara pale Mpemba, na sufuria zangu mbili na mwavuli. Leo nina mgahawa wa matofali, na wa pili nimeujenga karibu na mpaka. Sikuolewa na tajiri wala sikubebwa na mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia "siwezi", namwelewa, nitamfundisha. Akiniambia "sitaki", hapo ndipo kichwa changu kinapoanza kuhangaika.

Aliyeniambia hivyo ni mpishi wangu. Madereva wa Zambia wakishuka kwenye malori hawaulizi hali yangu. Wananiita "Bamayo", yaani mama kwa lugha ya kwao, kisha wanauliza kama yule wa maharage yupo. Mgahawa wa pili niliujenga nikimfikiria yeye. Nilitaka awe msimamizi, akae kwenye kiti, awatume wengine. Nikamwita nikamwonyesha funguo.

Akafuta mikono kwenye kanga. "Asante mama. Ila sitaki."

"Hutaki nini? Kukaa?"

"Nikikaa kwenye hicho kiti, kahawa ikiiva nitaondokaje?"

Huyu kwao ni Ihanda, kijijini kwenye kahawa, na tangu aanze kazi kwangu alitoa sharti moja tu: kahawa ikiiva anakwenda kuchuma na mama yake mpaka iishe. Kila mwaka nalalamika, kila mwaka anakwenda. Mimi nilidhani ni shida tu inayompeleka. Sasa nampa cheo, bado anataka kwenda kuloweshwa na umande kwenye baridi ile? Nikasema hapa kuna jambo. Ama kuna mwanaume, ama kuna mgahawa mwingine unamnyemelea.

Msimu ulipofika akaondoka. Nami nikamfuata, funguo ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeshakata shauri: akikataa tena, atafute pengine pa kupika.

Niliwakuta shambani, kundi la wanawake majirani wanaochumiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nikasimama pembeni na viatu vyangu vya mjini.

"Poleni na kazi."

"Tumeshapoa," akajibu mama yake, mzee wa rika langu, wala hakugeuka. "Ndoo hiyo hapo."

Nikacheka, nikidhani utani. Nilicheka peke yangu. Kumbe pale mtu hasimami kwenye shamba lenye kazi amefunga mikono, hata awe mgeni, hata awe askofu. Nikautundika mkoba kwenye tawi la mti wa kahawa, nikaanza kuchuma. Nilikuwa nachuma mbio mbio, kama mtu anayemenya viazi wateja wakiwa wameshakaa, mbivu na mbichi humo humo. Jirani mmoja akachungulia ndoo yangu.

"Huyu dada vipi, kuna lori linamsubiri?"

Wakaangua kicheko, na mpishi wangu, ambaye jikoni kwangu hainui sauti, akacheka kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Kwangu ni mtu wa maneno machache. Huku alikuwa anabishana, anamtania mama yake kwa Kinyiha, anaanzisha wimbo na kuuacha katikati wengine wamalizie. Nikawa najiuliza, huyu mtu nimekaa naye miaka yote hii, alikuwa wapi? Nikamsogelea.

"Nikuulize. Usipokwenda kwa jirani kesho, nani atakuja kwako?"

"Hakuna."

"Basi una mabosi wengi kuliko mjini! Uhuru wako uko wapi?"

"Hawa nimewachagua mwenyewe, mama. Na siku yangu ikifika mimi ndiye ninayewatuma." Akachuma kidogo. "Na mimi nikuulize, usikasirike. Mbona wewe hufungi mgahawa hata siku moja? Nani alikuambia lazima?"

Nikaanza kuwatafuta kichwani. Nani? Madereva? Mungu? Mimi ninayejisifu kwamba hakuna wa kuniamrisha, sikupata hata jina moja la kutaja. Na simu nayo ikaanza kuita ndani ya mkoba, kule juu ya mti. Niliijua, ni mgahawani. Mkono ukataka kwenda, nikauzuia. Nilitaka tu kuona itakuwaje. Ikaita, ikaita, ikanyamaza. Nikasubiri. Ndege wakaendelea na mambo yao.

Yale maneno ya kumfukuza niliyotoka nayo Mpemba sikuyaona tena mdomoni. Nikaenda nikachukua funguo.

"Shika. Kahawa ikiiva, unafunga."

"Nifunge mgahawa mzima?"

"Si wangu? Nani atanikataza?"

Akaziangalia, akamwangalia mama yake. Mama yake akasema, "Chumeni kwanza, mtaongea mkila."

Tuliongea tukila. Akasema atajaribu, na akichoka na kiti atarudi kwenye sufuria. Nikamwambia hilo nalo atachagua mwenyewe.

Sasa kahawa ikiiva, ule wa mpakani unafungwa, na wateja wake wanakuja Mpemba wamenuna. "Bamayo, mgahawa gani unafungwa kama shule?" Wa kwangu, nawajibu. Kama ni biashara nzuri au mbaya, bado nachunguza. Siku zangu chache za msimu nakwenda Ihanda na viatu vya shamba, simu naiacha kwa mhudumu. Ndoo yangu bado wanaikagua.